Feni ya umeme kwenye rejeta: kabla hujang'oa ile ya mkanda

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Arusha, Moshi na vitongoji vyake zimeuliza kuhusu feni za umeme zinazouzwa madukani na kwa wauza spea za mtumba, ambazo mafundi huzifunga kwenye rejeta badala ya feni iliyokuja na gari. Tumechagua zile zinazogusa sehemu kubwa ya jambo hili, na tumezifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ambayo hupeleka wageni lango la Marangu na mara nyingine Ngorongoro. Ikipanda mlima ikiwa na watu na mizigo, mshale wa tempresha hupanda hadi karibu na alama nyekundu, kisha hushuka tukifika tambarare. Mjini haina tatizo lolote, hata nikikaa kwenye foleni na kiyoyozi kinafanya kazi. Fundi wangu ameshauri tung'oe feni ya mkanda pamoja na kluchi yake, tufunge feni mbili za umeme za inchi 12 zilizotolewa kwenye magari madogo, kwa maelezo kwamba injini itakuwa nyepesi na itakula mafuta kidogo. Je, ni salama? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la swali lako umelibeba mwenyewe katika barua, pale unaposema kwamba mjini gari halina tatizo ila mlimani ndipo linapochemka. Swali la kwanza ambalo fundi yeyote angepaswa kumuuliza mwenye gari linalochemsha ni mahali linapochemshia, kwa sababu gari linalochemsha kwenye foleni na gari linalochemsha kwenye mlima yana maradhi mawili tofauti, na feni ya umeme inaweza kuwa dawa ya lile la kwanza huku ikilizidishia ugonjwa lile la pili.

Feni ya mkanda huzunguka kwa kufuata mwendo wa injini. Injini ikiwa katika sailensa, yaani inazunguka polepole gari likiwa limesimama, feni hiyo nayo huzunguka polepole na huvuta hewa kidogo, na hapo ndipo feni ya umeme inapoishinda, kwa kuwa mota yake haijali injini inazunguka kwa kasi gani. Mlimani hali hugeuka. Unapopanda kwa gia ya pili, gari linatembea kilomita 25 kwa saa lakini injini inazunguka kwa nguvu na inazalisha joto jingi, na hewa inayoingia kwa mwendo wa gari pekee haitoshi. Wakati huo feni ya mkanda, kluchi yake (kifaa kinachoishika feni joto likipanda na kuiachia likishuka) ikiwa imeshika vizuri, inazunguka kwa kasi na inaweza kutumia nguvu ya wati elfu kadhaa kuvuta hewa kupitia rejeta. Feni ya umeme ya gari dogo hutumia wati 80 hadi 150 hivi. Ukifunga mbili umepata wati 300 kwa makisio ya ukarimu, na wati hizo hazitaongezeka hata chembe injini itakapohitaji msaada zaidi. Kwa hiyo unachoshauriwa ni kuondoa feni ambayo nguvu yake huongezeka pamoja na kazi ya injini na kuweka ambayo nguvu yake haibadiliki, katika safari ileile inayokuletea taabu.

Mwinuko nao una sehemu yake. Moshi iko kwenye mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Lango la Marangu liko juu zaidi ya mita 1,800, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio kwenye mita 2,200 na zaidi, huyachemsha kwenye nyuzi 92 au 93. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke katika viwango hivyo ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko cha rejeta pamoja na kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji kwa kipimo sahihi. Kifuniko ambacho springi yake imechoka au raba yake imepasuka hakitakusumbua sana mjini, lakini kitakuumbua ukiwa juu. Isitoshe, hewa ya mita 2,200 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, na feni yoyote, ya mkanda au ya umeme, husukuma hewa hafifu zaidi kule kuliko chini.

Kabla ya kung'oa chochote, mwambie fundi wako aanze na mambo ambayo hayahitaji kununua feni. Injini ikiwa baridi na imezimwa, azungushe feni ya mkanda kwa mkono: inapaswa kuzunguka kwa uzito kiasi. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa baada ya kuisukuma mara moja, mafuta ya silikoni yaliyo ndani ya kluchi yamevuja, na mara nyingi utaona michirizi ya mafuta yenye vumbi katikati yake. Kluchi iliyo hai ikipata joto hushika, na feni hutoa mvumo mzito unaosikika hadi ndani ya gari. Dereva wa gari lako atakuambia kama amewahi kuusikia mvumo huo mlimani. Kisha aangalie kava linaloizunguka feni, kwa sababu magari mengi ya safari yamepoteza kava hilo katika matengenezo, au limepasuka na kufungwa kwa waya, na feni isiyo na kava huzungusha hewa ileile ya moto iliyo mbele ya injini badala ya kuivuta kupitia rejeta nzima.

Aangalie pia nafasi iliyo kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ile iliyo kama rejeta nyingine mbele yake. Mbegu za nyasi, wadudu na vumbi la barabara za hifadhini hujibana humo na huwezi kuviona ukiwa umesimama mbele ya gari. Huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, wala si kwa mashine ya kuoshea magari ikielekezwa kwa karibu, kwani hiyo hulaza mapezi laini ya rejeta na kuziba kabisa njia ya hewa. Mkanda ulegeao, mirija ya rejeta iliyoziba kwa kutu, mapovu yanayopanda kwenye maji injini ikiwa imewashwa (dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua), vyote hivyo huleta joto ambalo hakuna feni itakayoliondoa.

Na kama kuna mtu alikwisha kuitoa themostati, yaani kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, irudishwe. Mazoea ya kuitoa ili maji yatembee vizuri yamezagaa, na yanaendelea kuharibu injini. Katika injini ambazo themostati ina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato, kuitoa kunaiacha njia hiyo wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi moja kwa moja kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kuhusu mafuta, mafundi hawadanganyi wanaposema kwamba feni ya mkanda hula nguvu ya injini, ila wanasahau kwamba kluchi hujiachia wakati injini haina joto, na kwamba umeme wa feni mpya hautoki mbinguni: hutoka kwenye alteneta inayozungushwa na injini hiyohiyo. Kwa gari lako na safari zako, ushauri wangu ni kubakiza feni ya mkanda, kununua kluchi mpya ikithibitika kwamba ya zamani imekufa, na kurudisha kava lake. Ukitaka kiyoyozi kiwe na baridi zaidi mjini, unaweza kuongeza feni moja ya umeme mbele ya kondensa, kama msaidizi.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa teksi, nina Corolla. Feni yangu iliungua nikaweka nyingine ya dukani ya inchi 14. Nimevuta waya wa nyumbani wa 1.5 kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ndogo ya dashibodi na kuurudisha mbele kwenye feni, maana sensa ya zamani haifanyi kazi. Feni inapoanza taa hufifia, swichi ina joto, na juzi nimesikia harufu ya plastiki. Niweke swichi kubwa zaidi? (Msomaji, Kijenge, Arusha)

JIBU: Marahaba, kijana. Kabla ya swichi, kwanza chomoa waya huo kwenye betri leo, na gari lisitoke hadi kazi irudiwe. Harufu uliyoisikia ni ya ganda la waya au ya swichi yenyewe, na hatua inayofuata baada ya harufu ni moto chini ya dashibodi, tena bila shaka hukuniambia habari ya fyuzi kwa sababu haipo.

Feni ya inchi 14 ya volti 12 huvuta ampea 15 hadi 20 ikiwa imeshika mwendo, na kwa kitambo kidogo inapoanza huvuta mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Ndiyo maana taa zinafifia. Swichi ndogo ya dashibodi imetengenezwa kwa ampea chache, na kila unapoiwasha cheche hula vidole vyake vya ndani, upinzani unapanda na joto linaongezeka. Waya nao tuupigie hesabu. Tuseme umbali wa kwenda na kurudi ni mita 6 na feni inavuta ampea 20. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba utapoteza volti 1.4 njiani, maana yake wati 28 zinapasha moto waya wenyewe badala ya kuzungusha feni. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba, upotevu hushuka hadi nusu volti hivi. Tena waya wa nyumbani una ganda ambalo kwa kawaida limepimwa kwa nyuzi 70, joto ambalo chini ya boneti la Corolla iliyotoka kwenye foleni ya Kilombero hufikiwa bila shida, na nyuzi zake za shaba ni chache na nene, hazipendi mtikisiko. Nunua waya wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba.

Jinsi inavyopaswa kufungwa ni hivi. Umeme mkubwa wa feni usiingie kabisa ndani ya gari. Utoke kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 30 iliyofungwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri, uingie kwenye relei ya ampea 40 (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa) katika mguu ulioandikwa 30, utoke katika mguu wa 87 na kwenda kwenye feni. Hasi ya feni iende kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, au bora zaidi irudi kwenye hasi ya betri kwa waya wa unene uleule; wengi huweka waya mnene upande wa chanya na mwembamba upande wa hasi, kana kwamba umeme hurudi ukiwa umepungua. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili ya relei, ambayo huvuta ampea 0.2 au chini ya hapo, na kwa hiyo waya mwembamba unatosha. Mguu wa 86 upate umeme wa swichi ya ufunguo kupitia fyuzi ndogo, na ule wa 85 uende kwenye swichi ya joto inayoungana na bodi maji yanapofikia nyuzi zilizopangwa.

Nimesisitiza mahali pa fyuzi kwa sababu fyuzi hulinda waya, na waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote. Ukiiweka fyuzi karibu na feni, mita nzima ya waya inayopita juu ya chuma chenye makali itabaki bila mlinzi. Ikiungua, tafuta sababu, na usiweke kubwa zaidi wala kuifunga kwa karatasi ya sigara. Waya ukipita kwenye tundu la chuma uwekewe raba, uvishwe mpira kwa urefu wake wote, na ukae mbali na ekzosi na mkanda. Viunganishi vibanwe kwa koleo la kubania viunganishi, kwani kiunganishi kilichobanwa kwa meno ya plaizi hulegea, na kiunganishi kilicholegea kikipitisha ampea 20 huyeyuka kabla fyuzi haijajua lolote. Relei ifungwe miguu ikitazama chini ili maji yasisimame ndani yake.

Sasa turudi kwenye kuendesha feni kwa swichi ya mkono peke yake. Siikubali, hata kwa dereva mwangalifu kama wewe. Siku utakayompa mwenzako gari, au siku abiria atakapokushughulisha kwa mazungumzo, feni haitawashwa, na gharama ya silinda hedi iliyopinda inazidi mbali bei ya swichi ya joto. Swichi ya mkono iwepo kama nyongeza, ya kuwasha feni hata kama swichi ya joto imekufa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba nayo itapitisha umeme wa koili tu, kwa hiyo ile ndogo ya dashibodi, kama haijayeyuka, itafaa.

Nyuzi za kuwashia zipangwe kwa kuangalia themostati. Kama themostati yako hufunguka kwenye nyuzi 82, feni inayowaka kwenye 92 hadi 95 na kuzima ikishuka nyuzi 5 hivi itakuwa sawa. Ukiipanga iwake kwenye 80, haitazima kamwe, maana themostati yenyewe haitaki maji yashuke chini ya hapo. Hesabu hiyo ni ya swichi iliyo upande wa maji yanayotoka kwenye injini. Ikiwa chini ya rejeta, ambako maji yamekwisha kupoa, itahitaji kiwango cha chini zaidi. Usikubali ile sensa ya kuchomeka katikati ya mapezi ya rejeta, wala ile ambayo waya wake hupenya chini ya hozi na kubanwa na klipu, kwa kuwa ya kwanza hupima hewa zaidi ya maji na ya pili hufungua njia ya kuvuja. Iliyo bora ni ya kukaza kwa uzi kama skrubu. Kama itakaa kwenye kiungo cha alumini kilichokatiwa katikati ya hozi, kumbuka kwamba mpira haupitishi umeme: kiungo hicho kinahitaji waya wake wa kwenda kwenye bodi, vinginevyo swichi yenye mguu mmoja haitafanya kazi kamwe, na mafundi wengi hupoteza asubuhi nzima wakiilaumu relei.

Kazi ikiisha, iache injini ipate joto gari likiwa limesimama, uone feni ikiwaka na kuzima yenyewe. Feni ikiwa inazunguka, pima kwa multimita kati ya chanya ya betri na waya wa chanya pale unapoingia kwenye feni. Ukipata zaidi ya nusu volti, kuna kiunganishi kibovu au waya mwembamba upande huo. Kisha washa taa kubwa na kiyoyozi na upime betri injini ikiwa katika sailensa. Ikionyesha volti 13 au zaidi, alteneta inamudu. Ikishuka chini ya 12.6, betri ndiyo inayolipa deni, na kwa teksi inayosimama sana kituoni usiku, deni hilo litadaiwa alfajiri.

SWALI: Baada ya kufungiwa feni mpya, naona inaendelea kuzunguka hata nikizima gari na kutoa ufunguo. Mara mbili nimekuta betri imekwisha asubuhi. Je, ndivyo inavyotakiwa? (Mama msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Mama, yapo magari yaliyotoka kiwandani na mpango wa feni kuendelea kuzunguka kwa dakika chache baada ya injini kuzimwa. Dakika 10 za feni ya ampea 15 hula ampea-saa 2.5 tu, na betri nzima haihisi. Usiku wa saa 8 hula ampea-saa 120, ambazo betri ya kawaida ya gari dogo, ya 45 au 60, haina. Kwa hiyo feni yako haizimi kabisa, na sababu ni mojawapo ya mbili. Ama fundi amechukua umeme wa koili ya relei moja kwa moja kutoka kwenye betri badala ya kwenye swichi ya ufunguo, ama vidole vya ndani vya relei vimeshikana kwa joto. Mwambie aache feni ikizunguka ufunguo ukiwa umetolewa, kisha achomoe waya wa mguu wa 86 peke yake. Feni ikisimama, kosa liko kwenye waya huo na swichi ya joto. Ikiendelea, relei imeungua, na relei ya pili ikiungua upesi namna hiyo basi ni ndogo kuliko feni au ni ya bandia.

Jambo jingine, la haraka kuliko betri: feni ya namna hiyo inaweza kuanza kuzunguka bila mtu kugusa kitu, injini ikiwa imezimwa. Hadi itakapotengenezwa, mtu yeyote asiingize mkono chini ya boneti, hata kwa kupima oili, kabla ya kulegeza na kuchomoa waya wa hasi wa betri. Watoto wanaopenda kuchungulia injini wakae mbali.

SWALI: Feni yangu imefungwa mbele ya rejeta kwa zile pini za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi. Imefanya kazi vizuri tangu mwaka jana lakini sasa rejeta inavuja mahali palepale penye pini. Nifunge vipi? Na je, kuna tofauti feni ikikaa mbele au nyuma? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Pini hizo hutengenezwa kwa ajili ya urahisi wa muuzaji. Feni yenye mota ina uzito wa kilo 2 au zaidi, na katika barabara ya vumbi yenye mawimbi uzito huo wote unaninginia kwenye mirija ya alumini ambayo ukuta wake ni mwembamba sana. Inasugua kidogo kidogo, hadi inatoboa. Rejeta ikishazibwa au kubadilishwa, tengenezewa vipande vya bati nene vinavyoshika kwenye fremu ya chuma inayobeba rejeta, juu na chini, feni ifungwe kwenye vipande hivyo kwa boliti zenye raba, na kati ya feni na mapezi ibaki nafasi ndogo iliyojazwa sponji mzunguko wote. Upande wa injini, acha sentimita 2.5 walau kati ya mota na puli au mkanda, kwa sababu injini hucheza kwenye maundi yake, zile raba zinazoibeba, unapokanyaga mafuta.

Mahali bora ni nyuma, upande wa injini, feni ikivuta. Ikikaa mbele, mota na bawa zake huziba sehemu ya hewa inayoingia kwa mwendo wa gari, na ukishapita kilomita 60 au 70 kwa saa katika barabara ya Moshi hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi yote. Mbele inakubalika kama nyuma hakuna nafasi. Angalia vilevile upande ambao bawa zimepinda. Feni ya kuvuta ikifungwa mbele kisha nyaya zikageuzwa ili isukume, itasukuma kweli, lakini kwa mgongo wa bawa, na hewa hupungua sana. Zipo ambazo bawa lake huchomolewa na kugeuzwa, na zipo zisizogeuka, hizo ziache dukani. Mtihani wake ni karatasi: gari likiwa limesimama na feni ikiwaka, shika karatasi nyepesi mbele ya kondensa. Inapaswa kunaswa na kubaki imeshikwa. Ikirushwa nje, feni inapigana na mwendo wa gari, na utachemsha barabarani wakati kwenye foleni hali ni nzuri.

SWALI: Gari langu ni la zamani, la kutoka Japani, lina betri mbili. Naweza kufunga feni ya kawaida? Pia huku kwetu tunavuka makorongo yenye maji wakati wa masika. (Msomaji, Mto wa Mbu)

JIBU: Betri mbili zinaweza kuwa zimeunganishwa kwa namna mbili, ama zikabaki volti 12, ambapo feni ya kawaida inafaa, ama zikajumlishwa kuwa 24, na baadhi ya magari ya dizeli ya soko la Japani hutumia volti 24. Pima kwenye nyaya za taa injini ikiwa imewashwa: ukipata 28 hivi, nunua feni na relei za volti 24, na usikubali kuchukua 12 kutoka kwenye betri moja kati ya hizo mbili, kwa sababu moja itakuwa inachoka huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi hadi zote mbili zife.

Kuhusu makorongo, hapo feni ya umeme ina faida ya kweli, maana unaweza kuizima. Feni inayozunguka ikikutana na maji, bawa zake hupinda kuelekea mbele na zinaweza kula rejeta. Weka swichi inayokata waya mwembamba wa mguu wa 85, izime kabla ya kuingia majini, vuka taratibu, na uiwashe ukitoka. Swichi hiyo iwe na taa nyekundu kubwa inayowaka wakati feni imekatwa, ikae mbele ya macho ya dereva na si chini ya usukani. Taa inayoonyesha kwamba relei imeshika haitoshi kwa kazi hiyo, kwa sababu huwaka hata kama feni yenyewe imejaa matope na haizunguki. Kwa hiyo ukishavuka simama, fungua boneti, uhakikishe kwa macho bila kuingiza mkono.